Mistari Juu ya Sakafu ya Mkwe

Jina la baba mkwe wangu silitaji humu, na hata ningetaka kulitaja nisingeweza. Kwetu Unyakyusa mkamwana, yaani mke wa mtoto, hatamki jina la baba wa mume wake. Hamtazami usoni, hali naye, hampi kitu mkononi, na akimwona anakuja njiani anaingia migombani mpaka mzee apite. Vijana wa Tukuyu mjini wakisikia haya wanacheka, wanasema ni mambo ya kale. Labda huko mjini yamekwisha. Kinyala, kwenye nyumba niliyoolewa mimi, hayajaisha, na sijapata kuyaonea haya. Nimekuwa bingwa wa mkoa wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu, na mtu aliyeninyoosha mpaka nikafika hapo ni mzee ambaye hajaniona nikiteleza hata mara moja.

Nilijifunza mchezo huu Mbeya mjini, nilipokuwa chuo cha ualimu. Mimi ni mtoto wa Kawetele, nimekulia kwenye udongo unaonata kama ugali, kwa hiyo siku ya kwanza kuona vijana wanateremka lami wamesimama juu ya magurudumu nilisimama mdomo wazi. Wengi wao walikuwa wahuni tu, wanadandia malori kwenye mlima na kuachia wakifika chini. Lakini kulikuwa na mama mmoja mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, aliyekuwa akifundisha wasichana wachache kwenye uwanja wa saruji nyuma ya kanisa. Huyo ndiye kocha wangu wa kwanza. Viatu vyake vilikuwa vya magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, na hakupenda kabisa mambo ya kurukaruka.

“Kuruka kila mwendawazimu anaweza,” alikuwa akisema. “Wewe nichoree duara.”

Mchezo wake ulikuwa huo. Unasimama kwa mguu mmoja, unateleza duara zima, unarudi palepale ulipoanzia, unabadili mguu, unachora duara la pili ligusane na la kwanza, mpaka chini pawe na umbo la namba nane. Kisha unairudia nane hiyohiyo juu ya mstari uleule. Ukiirudia mara tatu na chini ukaonekana mstari mmoja tu, hapo unaweza kujiita mchezaji. Ikionekana mitatu, kocha alikuwa anakwambia nenda kauze nyanya. Mimi niliambiwa nikauze nyanya kwa mwaka mzima, na mwaka wa pili nikaacha kuambiwa.

Nikamaliza chuo, nikapangiwa shule ya msingi huku Rungwe, nikaolewa Kinyala na dereva wa lori la kubeba majani ya chai. Mume wangu alijua habari za viatu vyangu na hakuwa na neno. Tatizo lilikuwa mahali. Kwetu mvua haiombi ruhusa, barabara ni tope au kokoto, na ua wa nyumba ni majani. Viatu vikakaa chini ya kitanda, vimefungwa kwenye kitenge, miezi minne. Nikivifungua ilikuwa ni kuvifuta ukungu.

Sakafu nzuri ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya baba mkwe.

Mzee yule alikuwa fundi ujenzi, na sifa yake ilikuwa sakafu. Kuanzia Ikuti mpaka Tukuyu, mtu akitaka sakafu ya niru ambayo maji yakimwagika hayajui yaelekee wapi, anamwita yeye. Niru ni ile saruji tupu inayonyunyizwa juu ya sakafu ikiwa bado mbichi, kisha fundi anapiga magoti na kuilainisha kwa mwiko wa chuma, anarudi kinyumenyume, mpaka ing’ae. Baraza la nyumba yake mwenyewe alilipiga niru kwa siku mbili, refu, pana, la kijivu linalometa. Nyumba yetu ilikuwa hatua arobaini kutoka hapo. Kila nikienda kisimani nilikuwa naliangalia baraza lile kwa jicho la pembeni, na roho inaniuma kama mwenye njaa anayepita mlango wa hoteli.

Siku moja mzee akaenda Tukuyu kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Mama mkwe akaenda kuchuma chai. Shule ilikuwa imefungwa. Nikavaa viatu.

Sijui nimweleze nani ile raha. Nilizunguka duara la kwanza nikasikia magurudumu yanaimba juu ya niru, nikabadili mguu, nikachora la pili, nikarudia, nikarudia tena, na kitenge kinapepea. Sikufikiri kabisa kwamba mkamwana hakanyagi baraza la baba mkwe ovyo, tena kwa magurudumu. Niliteleza mpaka jasho likanitoka. Halafu nikasikia kikohozi.

Kile kikohozi kila mkamwana wa kwetu anakijua. Mzee mwenye adabu akikaribia nyumbani anakohoa kwa mbali, ili mke wa mwanawe apate nafasi ya kujificha. Kikao kilikuwa kimeahirishwa. Mtu mwingine angekaa chini akavua viatu. Mimi mwili ulishafundishwa kukimbia, ukakimbia. Niliruka kutoka barazani na viatu miguuni, nikaingia migombani, magurudumu yakazama kwenye tope, nikaanguka kifudifudi juu ya majani ya migomba makavu, na nikalala hapohapo bila kutikisika nikisikia moyo wangu. Mzee alipita njia yake bila kugeuza shingo. Alisikia kishindo, bila shaka. Lakini desturi inawabana wote wawili, na yeye pia hakuruhusiwa kuniona.

Barazani nilikuwa nimeacha ushahidi. Magurudumu yale yalikuwa meusi, na juu ya niru yake iliyong’ara kulikuwa na nane kubwa nyeusi, imechorwa kama kwa mkaa. Nilisikia fimbo yake ikigonga sakafu, ko, ko, ikizunguka. Ikasimama. Ikazunguka tena. Nikajua nimekwisha. Nilikaa jikoni hadi jioni nikipanga maneno ya kumwambia mama yangu Kawetele nitakaporudishwa.

Jioni mama mkwe akaja, amebeba kikapu chake cha chai bado mgongoni, uso umekunjwa.

“Tata anauliza,” akasema. Tata ni baba, ndivyo tunavyomwita. “Anauliza, duara la pili kwa nini ni dogo kuliko la kwanza?”

Nikadhani sijasikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia kwa hasira, kwa kuwa hata yeye hakuelewa anauliza nini. Nikasema, mwambie mguu wangu wa kushoto ni dhaifu. Akaenda, hatua arobaini, akarudi.

“Anasema fundi hasemi mkono wa kushoto ni dhaifu. Fundi anarudia kazi.”

Hivyo ndivyo tulivyoanza.

Kuanzia wiki ile, kila Jumamosi asubuhi mzee alikuwa anatoka, anakohoa kwa nguvu kuliko kawaida ili nijue, na anaelekea kwenye shamba lake la ndizi. Baraza alikuwa ameliacha limefagiliwa na kupigwa deki. Mimi nilikuja na vumbi la vipande vya chaki kutoka shuleni, nikawa ninapakaza magurudumu ili mstari uonekane mweupe na mwembamba. Nikiteleza saa moja, naondoka. Yeye anarudi, anasoma. Mchana ujumbe unakuja kupitia kwa mama mkwe. Duara la kulia limefungwa vizuri. Hapa maduara yanapokutana umeyumba, mstari una tumbo. Leo ulikuwa na haraka. Hakuwahi kuona hata picha ya mtu anateleza, lakini mistari alikuwa anaisoma kama mimi ninavyosoma daftari za darasa la pili, na alinisahihisha vilevile bila huruma.

Mama mkwe akachoka. “Mimi nimegeuzwa simu?” akauliza siku moja, ameketi kwenye kizingiti anamenya ndizi. “Kutwa mguu wa kushoto, mguu wa kushoto. Kwani wa kulia hamna habari nao?” Lakini baada ya mwaka mmoja alikuwa anapitia barazani kwanza, anatazama, ndipo anakuja kwangu na maoni yake mwenyewe, na mara nyingine wawili hao walikuwa wanabishana kuhusu kazi yangu mpaka ugali unapoa.

Jumamosi moja nilikuta vidoti viwili vya penseli sakafuni, na kutoka kwenye kila kidoti duara limechorwa kwa uzi na msumari, jinsi mafundi wanavyofanya wakijenga kisima. Maduara mawili sawasawa, yamegusana mahali pamoja padogo kuliko kucha. Nilisimama nikaangalia kazi ile muda mrefu. Mzee alipiga magoti, na magoti yake yalikuwa mabovu kwa sababu ya miaka yote ya niru, ili mimi nipate mstari wa kufuata. Siwezi kumpelekea asante mwenyewe. Nilimtumia kwa mama mkwe, naye akaleta jibu kwamba mzee amesema asante ni kuufuata.

Basi hapo ndipo uchu uliponishika. Nilitaka anione. Mara moja tu, nilitaka mzee yule aone jinsi mstari unavyozaliwa, aone goti linavyokunjwa na mkono unavyotulia, kwa sababu alikuwa anaijua kazi yangu yote isipokuwa mimi nikiwa ndani yake. Nilijua haiwezekani. Nilikuwa nawaza hivyo hata hivyo, nikiwa nasahihisha madaftari, nikiwa nakoroga uji.

Kocha wangu wa Mbeya, tuliyekuwa bado tunawasiliana, akanitumia kwenye simu filamu fupi ya zamani, isiyo na sauti, inayokatikakatika. Ilikuwa ya mwanamke wa Marekani wa siku zile mashindano ya kuteleza juu ya barafu yalipokuwa yanaanza kwao. Amevaa sketi ndefu inayofika kwenye vifundo vya miguu, na kofia. Kocha alinieleza kuwa mama huyo alianza wakati wanawake wenzake walikuwa wachache mno, watu wakamwambia akae nyumbani, akashindana miaka mingi, akashinda kwao, akavuka bahari akashindwa, akarudi akashinda tena akiwa mtu mzima. Lakini kilichonishtua kilikuwa mwishoni. Akimaliza nane yake anasogea pembeni, na wazee watatu wenye makoti marefu wanaingia kwenye barafu. Hawamtazami hata kidogo. Wanainama, mikono mgongoni, wanaangalia chini, wanafuata mstari wake.

Nilikimbia kwa mama mkwe na simu mkononi. Akatazama mara tatu. “Huyu wa katikati,” akasema, “anainama kama Tata kabisa.” Akachukua simu akaenda nayo. Nilisikia kikohozi. Akarudi na maswali mawili.

“Anauliza, barafu hiyo nani aliisawazisha? Maana ni kazi safi.”

“Na la pili?”

“La pili ni la kwangu. Huyo mama alikuwa ameolewa? Mkwe wake alikuwa wapi?”

Baada ya siku ile nilikwenda kwa fundi cherehani Tukuyu nikashonewa sketi ya mashindano inayopita magoti, nzito kidogo chini ili ikae. Wasichana wa Mbeya walinicheka. Nilipochukua nafasi ya tatu, mara yangu ya kwanza kushindana, walipunguza kicheko. Mwaka uliofuata nilichukua ya pili, na hapo hakuna aliyekuwa na muda wa kucheka.

Maneno ya nyumbani yakawa makubwa kuliko ya Mbeya. Ndugu mmoja wa baba mkwe, mtu wa kupenda vikao, akaitisha kikao. Akasema mwalimu mzima, mke wa mtu, anazungushwa mbele ya wanaume kama pia ya watoto. Akasema ukoo unachekwa sokoni. Mimi sikuitwa, wala sikutarajia kuitwa. Mume wangu aliniambia baadaye kwamba baba yake alisikiliza wote mpaka mwisho, akasimama, akasema, “Miguu ni yake na sakafu ni yangu. Nyinyi mna nini hapo?” Kikao kikaishia kwenye chai. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilijivuna wiki nzima, hata wanafunzi waliona.

Halafu mashindano ya mkoa yakaletwa Tukuyu.

Waandaaji walipata ukumbi mkubwa mjini, lakini sakafu yake ilikuwa imepasuka vibaya. Wakauliza fundi wa niru, na Rungwe nzima ikawapa jina moja. Mzee alikuwa ameshaacha kazi. Alikubali siku hiyohiyo. Alikaa Tukuyu wiki mbili, anasimamia mafundi watatu, na sehemu ya katikati, pale ambapo maduara yatakuja kuchorwa, hakumruhusu mtu, aliipiga mwenyewe kwa magoti yake. Waandaaji walipoiona sakafu walifurahi kupita kiasi, wakamwambia, mzee, wewe ndiye mgeni wa heshima siku ya mashindano. Utakaa mbele kabisa.

Walikuwa watu wa kuja. Hawakujua kwamba wamechukua mkwe na mkamwana wakawaweka kwenye chumba kimoja, mmoja anateleza, mwingine anatazama.

Nyumba yetu ikachemka. Mume wangu alikwenda kwa baba yake kumwomba afungue desturi ile. Ziko familia ambazo mzee akishazeeka humwita mkamwana, humpa zawadi ndogo, humwambia yatosha sasa, tusalimiane. Mchungaji naye alifika, akasema Kristo alishayamaliza mambo haya, na mzee wa kanisa ndiye aonyeshe mfano. Mimi nilikuwa jikoni nimeshika mwiko wa ugali, sipumui. Nilikuwa nikiomba akubali. Sikuwahi kuomba kitu kwa nguvu namna ile.

Jibu lililetwa na mume wangu. Alikaa kwenye kigoda, akakwepa macho yangu. “Amemwambia mchungaji heshima si dhambi. Na amesema, nikimfungulia leo kwa ajili ya mashindano, watu watasema heshima yake miaka yote ilikuwa inasubiri kombe. Hawezi kukufanyia hivyo.”

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika mpaka nikavirudisha viatu chini ya kitanda. Nilimwona mzee mbishi, nikaiona desturi yenyewe ni jiwe tu lililowekwa njiani. Siku mbili sikugusa magurudumu. Jumamosi nilisikia anakohoa, anatoka, nikajifanya sikusikia. Baraza likabaki tupu, limepigwa deki, halina mstari.

Mama mkwe alikuja mchana bila kutumwa. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Amerudi akasimama pale barazani,” akasema. “Hajauliza kitu. Amekaa chini.” Akanisogelea. “Mwanangu, watu husema mcheza kwao hutunzwa. Mashindano yamekuja kwenu. Unataka atunzwe nani, wewe au hasira zako? Na huyu mzee unadhani hataki kukuona? Ana hamu fijo, hamu kubwa mno, kuliko wewe.”

Alipoondoka nilivitoa viatu, na jioni ile, mzee akiwa ndani na mlango umefungwa, niliteleza nane kumi na mbili barazani kwake. Nilijua anasikia.

Siku ya mashindano ilinyesha tangu alfajiri, kama ilivyo haki ya Tukuyu. Ukumbi ulijaa. Walitoka Mbeya, walitoka Kyela, wachumaji chai walikuja na makoti yao ya plastiki wakayaning’iniza mlangoni. Nilipoingia na namba yangu mgongoni nilitupa jicho mbele, nikamwona.

Alikuwa amekaa kiti cha katikati, mstari wa mbele, koti jeusi, fimbo kati ya magoti. Lakini kiti alikuwa amekigeuza. Ukumbi mzima ulikuwa unatazama sakafu, na yeye peke yake alikuwa ameutazama ukumbi, ameipa sakafu mgongo. Mshereheshaji, kijana mchangamfu kutoka Dar es Salaam, alikuwa ameinama anambembeleza ageuke. “Mzee wangu, mchezo uko huku!” Mzee alitikisa kichwa kwa upole. Watu wetu walikuwa wameelewa zamani. Niliwaona akina mama wa Kinyala wameziba midomo kwa khanga.

Miguu yangu ilitaka kwenda migombani. Namaanisha hivyo. Miaka tisa mwili wangu ukimwona mtu yule unatafuta pa kujificha, na sasa natakiwa niupeleke katikati ya taa. Nilimwambia kocha, siwezi. Kocha akamtazama mzee, akanitazama mimi, yeye ni Msafwa, jirani zetu wa Mbeya, na hakuhitaji maelezo mengi.

“Amekupa mgongo ili wewe upate uwanja,” akasema. “Nenda ukautumie.”

Nikaenda. Nilisimama kwenye alama ya kuanzia, nikapakaza chaki, nikasukuma.

Wakati ule sikusikia watu. Nilisikia magurudumu tu, na nilijua kuna mtu mwingine mmoja ndani ya ukumbi ule anayesikia magurudumu tu. Kwenye niru mguu ukiyumba sauti inabadilika, inakwaruza. Mguu wa kulia ulizunguka kimya. Nilipofika maduara yanapokutana nikabadili, na ule wa kushoto, ulionitesa miaka yote, ukaingia taratibu, ukazunguka, ukafunga. Nikarudia. Nikarudia mara ya tatu. Nilimwona mzee kwa nyuma kila nilipopita upande wake, mgongo umenyooka, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza maombi. Hakugeuka. Angegeuka kidogo tu hakuna ambaye angemlaumu, na hakugeuka.

Nilipomaliza nikasogea pembeni. Waamuzi watatu wakaingia, wakainama. Mmoja akachuchumaa na tochi ya simu. Akaita wenzake. Walikaa pale muda mrefu mpaka watu wakaanza kunong’ona, kisha yule wa tochi akainua kidole kimoja juu, kuonyesha mstari ni mmoja, na ukumbi ukalipuka. Akina mama wa Kinyala walipiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika Ikuti.

Nikatangazwa wa kwanza. Na hapo mshereheshaji wetu akafanya kosa la mtu wa mbali.

“Na sasa,” akasema kwa kipaza sauti, “namwomba mgeni wetu wa heshima, fundi aliyeijenga sakafu hii, aje amvishe medali bingwa wetu!”

Nusu ya watu walishika vichwa. Kijana wa watu akabaki na tabasamu lake na medali mkononi, hajui amekosea wapi. Mimi nilifanya nilichofundishwa. Niligeuka, nikatazama ukuta, nikainamisha kichwa, katikati ya ushindi wangu, mbele ya watu wote wale. Na nawaambia ukweli, sikuona aibu. Nilijua ninasimama hivyo kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo kilichofuata nilikisikia tu. Nilisikia fimbo, ko, ko, ikija katikati ya sakafu. Nikasikia mshereheshaji anamwuliza kwa sauti ndogo, mzee vipi. Nikasikia magoti yale mabovu yanapiga chini, na kitu cha chuma kinawekwa juu ya niru, taratibu, jinsi kinavyowekwa kitu cha thamani ambacho hakipiti mkono kwa mkono. Kipaza sauti kikakwaruza. Nikadhani mshereheshaji anakirudisha mahali pake. Kumbe mzee alikuwa amekishika.

Miaka tisa nilikuwa sijasikia neno lake moja ambalo halikupita kwa mtu mwingine.

“Mimi sijui mchezo,” akasema, Kiswahili chake kizito cha nyumbani. “Mimi ni mtu wa sakafu. Naomba radhi kwa kukaa vile nilivyokaa. Kazi yake nimeisikia.” Nikasikia anavuta pumzi. “Huyu ni wa kwangu.”

Nililia nikiwa nimeutazama ukuta. Nyuma yangu hakuna aliyepiga makofi, watu walikuwa wanampisha mzee. Niliisikia fimbo yake ikienda mpaka mlangoni, ikatoka nje kwenye mvua. Nikangoja kidogo kama inavyotakiwa, nikafuta uso, ndipo nikageuka, nikateleza mpaka katikati ya sakafu, nikainama, nikaiokota medali yangu, nikaivaa mwenyewe.